Vileja vya bibi vinasambaa kwenye trei: mama mkubwa amenificha siri?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Ninachokuandikia ukikisikia kwa haraka utaona ni biskuti tu, lakini kwetu kimeshaanza kugawa watu.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja, akaolewa huku Dar na akaishi Ilala mpaka alipofariki. Alijulikana kwa vileja. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, nyumba nzima inanukia iliki, na majirani wanaleta makopo yao matupu mapema ili wajaziwe ya Idi. Vilikuwa vyeupe, juu vina kidoa cha rangi ya manjano, na ukikitia mdomoni kinayeyuka hata hujatafuna. Alifundishwa na mama yake, naye akamfundisha mama mkubwa. Mama yangu mzazi hakuwahi kujifunza, alikuwa mtu wa kazini, na sasa naye ametangulia mbele ya haki.

Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kuchekecha. Mchele ulikuwa unalowekwa, unaanikwa kwenye ungo, halafu unatwangwa kwenye kinu, mimi nachekecha, chenga zinarudi kinuni. Kukanda hatukukuona sana, maana bibi alikuwa akimaliza swala ya alfajiri anaanza, sisi tukiamka tunakuta vimeshapangwa kwenye sinia. Mayai ni ya kuku wake wa bandani. Kipimo chake kilikuwa kikombe kikubwa cha bati chenye maua mekundu, ambacho leo hakuna anayejua kilikokwenda.

Mwaka jana nikamwomba mama mkubwa anipe vipimo. Akanitumia sauti WhatsApp: unga wa mchele vikombe vinne, samli kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja na nusu, mayai manne, iliki, beking pauda kidogo, moto wa kiasi. Nikafuata kama alivyosema. Unga nilinunua wa paketi, mayai ya dukani, na badala ya samli nikatia siagi ya kopo kwa sababu samli imepanda bei. Nikaoka kwenye oveni ya gesi. Vikasambaa, vikashikana vyote vikawa pande moja. Chini vimeungua, juu bado vibichi, na ukitafuna unasikia chenga kama mchanga. Nimerudia tena na tena mchana watoto wakiwa shule, mambo ni yale yale.

Dada zangu, watoto wa mama mdogo, wanasema mama mkubwa amenificha kitu. Wanadai anaogopa, maana anajua nataka kuanza kuuza kwa oda, na yeye anauza vileja Magomeni toka zamani, ndivyo vilivyosomesha watoto wake. Wamepanga tukikutana kwenye hitima ya bibi mwezi ujao aulizwe mbele ya wote, kwa kuwa mapishi ni ya bibi, si yake peke yake. Shangazi, mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nampenda. Lakini nikifikiri kwamba amenidanganya, roho inaniuma. Nimuulize mbele ya watu, au ninyamaze na vileja vya bibi vife hivi hivi?

Mchekechaji wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hitima kwa sababu siku zinakwenda. Lizuie hilo. Wapigie dada zako leo hii, uwaambie kwamba aliyeomba vipimo ni wewe, vilivyoharibika ni vya kwako, na wewe hujamtuma mtu kukusemea. Watu wamekuja kumsomea marehemu, na mtoto wake mkubwa anakalishwa katikati kuulizwa habari za samli! Akitoka hapo ameinamisha kichwa, hata ukipewa siri za vileja vyote vya pwani hutakuwa na pa kwenda kuvila. Tena mama aliyekulea. Hapana.

Sasa tuje kwenye siri. Nimeisoma barua yako taratibu, na ninachokiona ni hiki: kila kilichokuharibikia kina sababu, na sababu zote umeziandika wewe mwenyewe. Sioni mahali ambapo mama mkubwa alihitaji kukuficha kitu ndipo vileja visambae.

Tazama mayai na kikombe, ukiviangalia kwa pamoja. Unga, samli na sukari ukivipima kwa kikombe kimoja, ukubwa wa kikombe hauna neno, kwa sababu vyote vinakua pamoja au vinapungua pamoja. Lakini mayai hayapimwi kwa kikombe, yanahesabiwa. Bibi alikuwa na kikombe kikubwa na mayai madogo ya kienyeji. Wewe una kikombe kidogo cha chai au kile cha kupimia cha mililita 250, na mayai makubwa ya kisasa. Tuseme kikombe chake cha bati kilikuwa kinachukua mililita 350, na vya namna hiyo ni vingi. Vikombe vyake vinne vya unga ni karibu gramu 870, na mayai manne ya kienyeji ukiyatoa ganda ni kama gramu 140 tu. Vikombe vyako vinne ni kama gramu 620 za unga, na mayai yako manne ni gramu 200. Yaani kwa kila kilo ya unga, wewe umetia mayai mara mbili ya bibi, na maneno uliyofuata ni yale yale. Mama mkubwa alikuambia "mayai manne" kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na mama yake, na hakukuongopea.

Halafu ukaongeza maji mengine bila kujua. Samli ni mafuta karibu yote, maji yake yalishaondoka wakati siagi inachemshwa. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Hizi za mimea za kwenye kopo nazo zina maji, na nyingine zina maji mengi zaidi. Kikombe chako kimoja na nusu cha siagi kimebeba karibu robo kikombe ya maji. Jumlisha na yale mayai. Unga wa mchele hauvutiki kama wa ngano, hauna ule mnato unaoshikilia umbo, kwa hiyo kinyunga chepesi kikipata moto hakina cha kukizuia, kinakimbia. Samli ni ghali, najua, na kopo dogo Kariakoo siku hizi linatia huzuni. Lakini kwenye vileja usibadilishe. Afadhali uoke robo kilo ya samli mara moja kuliko nusu kilo ya siagi utakayoitupa. Na ukinunua, hakikisha ni samli ya ng'ombe. Yapo mafuta ya mimea yanayouzwa kwa jina la samli. Yatashika umbo, ila ladha ya bibi hutaipata humo.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, na mimi ndilo lililonisimamisha: bibi alikanda baada ya alfajiri. Wewe unakanda mchana. Samli inaanza kulegea joto likikaribia nyuzi 30, na mchana wa Dar unacheza hapo hapo sehemu kubwa ya mwaka, jikoni kwenye oveni iliyowashwa unapita. Ukipiga samli iliyoyeyuka na sukari hupati ule weupe, unapata mafuta yenye sukari ndani yake. Alfajiri samli bado imeganda, ina chenga chenga zake, ukiipiga na sukari inashika hewa, inakuwa nyeupe na nyepesi, na hapo ndipo kileja kinapopata kule kuyeyuka mdomoni. Sijui kama bibi aliwahi kumweleza mtu kwa nini anakanda saa zile. Huenda mama mkubwa mwenyewe anajua tu kwamba vileja hukandwa alfajiri, anaona ni utaratibu wa nyumba, ndiyo maana hakuona haja ya kuutia kwenye ujumbe. Kama huwezi kuamka saa hizo, tia samli kwenye friji igande kidogo, na kinyunga kikishafinyangwa kipumzike kwenye friji nusu saa kabla ya kuingia motoni.

Na chenga? Wewe ndiye uliyekuwa ukichekecha, kwa hiyo jibu unalo. Mchele ukilowekwa punje inalegea ndani, ukitwangwa unakuwa poda. Mchele mkavu ukipigwa mashineni hutoa unga wenye vichembe vigumu, na biskuti haikai motoni muda wa kutosha kuvilainisha. Loweka mchele usiku, uchuje, uanike kivulini mpaka ukiushika haulowanishi mkono lakini bado una ubaridi wa maji, utwange au usage kidogo kidogo, uchekeche kwa chekecheo laini, chenga zirudi kinuni kama zamani. Kisha uanike unga wenyewe mpaka ukauke kabisa, vinginevyo utakuwa umerudisha maji kwa mlango wa nyuma. Iliki nunua ya maganda. Ile ya Amani kule Muheza ikipatikana ni nzuri sana. Imenye, uitwange siku hiyo hiyo. Iliyosagwa ikakaa dukani harufu yake imeshaondoka.

Moto ni neno fupi kuliko yote. Bibi nadhani alipalia mkaa, kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, moto unashuka kutoka juu na kukishika kileja kabla hakijatawanyika. Oveni nyingi za gesi zinawaka chini peke yake. Ipashe moto mapema, nyuzi 160 mpaka 170, weka trei rafu ya juu kidogo, na chini ya trei weka trei nyingine ili kukata ukali. Dakika 15 mpaka 20. Vitoe vikiwa bado vyeupe na laini, vitakazana vikipoa. Usiviguse kabla.

Kama unataka pa kuanzia, jaribu hivi kabla ya hitima: unga wa mchele gramu 600, samli gramu 300, sukari iliyosagwa gramu 250, mayai mawili ya kisasa, kijiko cha chai cha iliki, na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Yai la tatu lipige pembeni, uliongeze kwa kijiko pale tu unga unapokataa kushikana. Kitonge ukikifinya kiganjani kishike bila kunata, na ukikibonyeza kwa dole gumba ukingo upasuke kidogo tu. Ukingo ukiwa laini kabisa, bila mpasuko hata mmoja, hicho kitasambaa, ongeza unga. Nina hakika vitatulia. Havitakuwa vya bibi bado, maana vya bibi viko mikononi mwa mama mkubwa, na huko ndiko nakupeleka sasa.

Mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Mwambie: "Mama mkubwa, siku utakayokanda nije nikusaidie, mimi nitachekecha." Usimwambie umekuja kujifunza wala kuuliza. Nenda ukalale kwake tangu jana yake, na usiende mikono mitupu, chukua samli na mchele wa kutosha kuoka mara moja, asione unakuja kumalizia vitu vyake vya biashara. Nunua ile mizani ndogo ya betri ya jikoni, na uiweke mezani waziwazi. Mwombe ruhusa: "Nataka nipime unachochota ili na mimi nisikosee." Mtu mwenye miaka mingi jikoni hapimi, anachota, na ukimuuliza kiasi gani atakutajia vikombe vya mama yake huku mkono wake ukifanya kingine. Ndiyo maana ujumbe wa sauti haukukusaidia. Kwa hiyo usimsimamishe kila anapochota. Pima bakuli la samli kabla hajaligusa, ulipime tena akimaliza, tofauti ndiyo aliyotia. Fanya hivyo kwa unga na sukari. Hesabu mayai, na utazame anayamimina yote au anaacha kidogo kwenye bakuli. Nadhani utamkuta anaacha kidogo, na hata yeye hajui kwamba anaacha.

Usimrekodi video kwa kificho. Akikubali, rekodi mikono yake. Akikataa, andika kwenye daftari ukirudi kwako, pamoja na uzito.

Dada zako wanasema mapishi ni ya bibi. Nao bibi alifundishwa na mama yake, na nyuma ya huyo kuna wengine tusiowajua. Biskuti za unga wa mchele zenye iliki na maji ya waridi zinaokwa Iran mpaka leo, na nankhatai unazonunua Kisutu au Upanga zina asili yake Surat, huko Gujarat. Pwani yetu imepokea na kutoa mapishi kwa karne nyingi za majahazi, na kileja unakikuta Unguja, unakikuta Mombasa. Hakuna ukoo unaoweza kukifungia kabatini. Kule Marekani mama mmoja aliyeitwa Ruth Wakefield, aliyekuwa na hoteli ndogo Massachusetts, alitoa vipimo vya biskuti zake za vipande vya chokoleti miaka ya 1930, na kampuni ya Nestlé ikavichapa kwenye pakiti za chokoleti nchi nzima. Kila mtu anavyo vipimo vile, na bado kila nyumba kule inaapa kwamba za bibi yao ndizo tamu. Siwacheki hata kidogo, nadhani wanasema kweli.

Lakini mama mkubwa ana kitu ambacho ni chake hasa, nacho ni wateja wa Magomeni na jina alilolijenga kwao. Hapo ndipo ninapotaka uwe mwangalifu. Huenda, nasema huenda, kuna kitu hakukuambia. Sitakuficha kwamba wapo akina mama wanaobakiza kiungo kimoja moyoni, na wengi wao walikuwa na sababu: mume hayupo, ada ya shule inadaiwa, na sinia la vileja ndilo lililosimamisha nyumba. Ukimwona anasitasita, usimsukume kwa kumtajia bibi. Mwondolee hofu yenyewe. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hutauza Magomeni, kwamba oda za wateja wake zikikufikia utamrudishia, na kwamba Idi akizidiwa na oda utakuwa msaidizi wake. Magomeni na Mbagala ni mbali, na watu wa kula vileja Dar hawajawahi kwisha. Mkiweza kununua samli na iliki pamoja kwa jumla, nyote wawili mtapata nafuu ya bei, na hapo atakuona mshirika.

Biashara ikikua ukataka kupeleka maboksi madukani, pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze, kwa sababu bidhaa ya chakula inayofungwa na kupelekwa sokoni itataka kupitia TBS, shirika la viwango, na ni rahisi kuanza vizuri kuliko kurekebisha. Kwa oda za majirani anza tu na jiko safi, kopo lisiloingiza hewa, na tarehe uliyooka iliyoandikwa juu yake.

Na kileja cha kwanza kitakachotulia kwenye trei, mpelekee mama mkubwa kabla dada zako hawajaonja. Akikiuma akasema "iliki imezidi" au "samli hukuipiga vya kutosha", toa daftari uandike hapo hapo mbele yake.